Acheni Kusugua Picha, Sogezeni Mkeka Dirishani

Wandugu, leo sina habari ya simu mpya wala programu mpya. Leo nina ugomvi.

Kila mara naulizwa swali lile lile: "Ni programu gani nzuri ya kung'arisha picha za bidhaa?" Waulizaji ni wauza korosho wa Msambweni, wauza vinyago wa Diani, vijana wanaouza vikapu na mikeka kwa WhatsApp na Instagram. Nami nikijibu naonekana mchoyo, maana nasema swali lenyewe limekosewa. Picha yako ya korosho haikuharibika kwa kukosa programu. Imeharibika kwa sababu uliipiga saa saba mchana juu ya mchanga mweupe, kisha ukataka kompyuta ifanye kazi ya jua.

Kabla hamjaniita mjuaji, nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilitengeneza tovuti ndogo ya kuuzia mikeka ya kina mama fulani upande wa Msambweni. Picha zilikuja zimefifia. Nami, kwa kuwa kazi yangu ni kuandika programu, nikaandika programu fupi ya kupitia kila picha: iongeze ukali, ikoleze rangi, ichomoze nyuzi za ukindu. Kwenye skrini, wallahi, mikeka ilipendeza! Nikamwonyesha mmoja wa wasusi. Akaitazama kwa muda, akaniuliza:

"Mwanangu, huu umesukwa na nani?"

"Ni wako huo, mama."

"Wangu ukili wake si mkavu hivi. Huu wako utamchoma mtu."

Nikacheka, nikaziacha picha vile vile. Baadaye mikeka miwili ikarudishwa kutoka Nairobi, wanunuzi wakisema zambarau waliyoiona siyo waliyoletewa. Nauli ya kurudisha mzigo ilitoka mfukoni mwa nani? Si mwangu mimi niliyeandika programu. Ilitoka kwa kina mama. Tangu siku hiyo kila nikiona kitufe cha "boresha picha" naona ile nauli.

Basi tuulizane, vitu hivi vinafanya nini hasa? Adobe waliingiza kitelezi cha Texture ndani ya Lightroom mwaka 2019, na kabla yake kulikuwa na kile cha Clarity. Programu za bure kama GIMP na darktable zina zana za ukoo huo huo. Ukiondoa urembo wa majina, zote zinatazama pikseli na majirani zake, zinapima tofauti ya mwanga iliyopo kati yao, kisha zinaikuza. Ukikuza tofauti za vitu vidogo kabisa unapata ukali. Ukikuza za vitu vya kadiri unapata kile kinachoitwa hali ya uso: nyuzi, mikunjo, vinyweleo. Hakuna mahali programu hiyo inapojua kwamba huu ni ukindu na lile ni vumbi.

Sasa kama mwanga uliangukia mkeka kutoka juu moja kwa moja, zile tofauti hazikuingia ndani ya kamera hata kidogo. Na sifuri ukiizidisha mara 100 inabaki sifuri. Kinachokuzwa ni chengachenga za kamera tu.

Ongeza na hili. JPEG hukata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa maelezo madogo madogo ili faili liwe jepesi. Ukipokea picha kwa WhatsApp imeshabanwa. Ukiiongezea ukali unakuza mipaka ya vile vipande. Ukiituma tena inabanwa tena. Ndiyo maana korosho zenu zinafanana na kokoto.

Na mabuyu je? Yale mekundu ya dukani ndiyo mfano bora. Katika JPEG ya kawaida kila pikseli ina nambari tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Ukikoleza rangi, nyekundu inagonga 255 na kukwama hapo. Chembe za sukari, mabonde, nyufa, vyote vinageuka doa moja jekundu. Ulitaka uso wa buyu uonekane, umeufuta kwa mkono wako!

Haya, twende kwenye jua. Diani iko nyuzi 4 na kitu kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, jua hutupita utosini kabisa, na kijiti ulichokisimamisha wima hupoteza kivuli chake muda mfupi baada ya saa sita mchana. Hata mwezi Juni, adhuhuri jua bado liko zaidi ya nyuzi 60 juu ya upeo. Hilo ni jua la kuanikia nazi, si la kupigia picha ya mkeka.

Kwa nini? Kwa sababu uso wa kitu hauonekani kwa wingi wa mwanga. Unaonekana kwa vivuli vidogo. Kila unyuzi wa ukindu una mgongo na bonde. Mwanga ukitoka ubavuni, mgongo unang'aa na bonde linapata kivuli, na jicho linasoma umbo. Msiniamini mimi. Leo usiku zimeni taa, chukueni tochi ya simu, iwasheni juu ya mkeka, kisha ilazeni pembeni yake. Hiyo ndiyo Texture, na haina malipo ya kila mwezi.

Mchana njia ni rahisi. Weka kitu kando ya dirisha au mlango usioingiza jua moja kwa moja. Zima balbu, maana mwanga wa balbu na wa anga una rangi mbili tofauti, na kamera itachanganyikiwa. Upande wa giza simamisha karatasi nyeupe irudishe mwanga kidogo. Jua likichoma, tundika leso nyepesi yenye weupe mwingi dirishani. Usikimbilie chini ya mwembe, majani yatakupaka kijani. Kama lazima upige nje, pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo saa moja asubuhi jua linatoka baharini likiwa chini, linakupa vivuli virefu bure.

Mwaka 1930 Mmarekani Edward Weston alipiga picha ya pilipili hoho moja, Pepper No. 30, ambayo hadi leo watu wanaitazama. Aliiweka ndani ya faneli ya bati. Bati lilizungusha mwanga kwenye kila kunjo la pilipili. Faneli! Nani hapa Kwale hana faneli ya mafuta ya taa au bati kuukuu?

Kuhusu mpangilio nitasema machache. Ondoa kabla ya kuongeza. Korosho kumi zinazoonekana zinashinda gunia lisiloeleweka. Mkeka ukunje pembe moja ili mnunuzi aone upande wa nyuma na mshono wa ukili. Weka kitu kinachojulikana ukubwa wake, kifuu cha nazi au mkono wa mtu. Rudi nyuma hatua mbili kisha kuza, kwa sababu lenzi pana ya simu ikikaribia mno kikapu hukifanya kivimbe tumbo. Na ile sheria ya theluthi mnayoimbiwa kwenye video si aya ya msahafu. Ni ushauri tu. Katikati pia ni mahali.

Najua mtakalosema: "Hata zamani walirekebisha picha kwenye chumba cha giza." Kweli, na mimi sikatazi kurekebisha. Natenganisha marekebisho mawili. Kuna kurekebisha kosa la kamera: picha imeingia bluu, unairudisha, imeinama, unainyoosha, ni nyeusi, unaipandisha. Na kuna kurekebisha bidhaa: kuupa mkeka rangi ambayo haikutiwa, kuipa korosho uso isiokuwa nao. Kipimo ni kimoja: weka kitu chenyewe kando ya skrini. Vikigombana, skrini ndiyo yenye makosa.

Mwingine atasema: "Picha ya kweli haivutii, mteja anapita." Huyo hajawahi kulipa nauli ya mzigo uliorudishwa. Tena Sheria ya Kulinda Watumiaji ya Kenya ya mwaka 2012 inakataza kuieleza bidhaa kuwa na sifa isizokuwa nazo. Picha nayo ni maelezo.

Na siku hizi kuna balaa kubwa zaidi. Akili bandia "inaboresha" picha kwa kuchora ukindu usiokuwepo. Kitelezi kilikuwa kikikuza kilichopo. Hii inabuni. Msusi aliyetumia siku nyingi kuunganisha ukili anauziwa jina kwa mkeka ambao hakuna mkono uliousuka.

Neno la mwisho ni kwa waandika programu wenzangu. Sisi ndio tuliokiweka kile kitufe, tena tumekiwasha bila kuuliza mtu. Kizimeni kianze kikiwa kimezimwa. Mahali pake wekeni maandishi mafupi: "Umesogea dirishani?"

Anayebisha alete picha mbili za mkeka mmoja, ya kitelezi na ya dirisha. Tumwite aliyeusuka achague ulio wake.