Ndege Zao Zinatua Kwetu, Pasipoti Zetu Zinasubiri Kwao

Kombe la Dunia la 2022 lilipochezwa Qatar, mtu aliyezungumzwa sana Doha nje ya viwanja alikuwa kijana wa Kikenya. Abubakr Abbas aliwekwa kwenye kiti kirefu karibu na Souq Waqif, kipaza sauti mkono mmoja, kidole kikubwa cha sponji mkono wa pili, kazi yake kuwaonyesha mashabiki njia ya kwenda kwenye treni. Aliifanya kwa mdundo kiasi kwamba watu walianza kumwitikia kama kiitikio cha taarabu. Video zikazagaa, akabandikwa jina la Mtu wa Metro, na siku ya mechi ya England na Marekani akaitwa uwanjani kuwasalimu mashabiki.

Mwingereza na Mmarekani aliowaelekeza, katika mwaka wa kawaida, hufika Doha mikono mitupu na kugongewa muhuri bila kulipa. Mkenya mwenzake anayetaka kwenda kuzuru tu mji ule ule hana budi kuomba kibali, kukilipia na kukipata kabla hajapanda ndege. Mtanzania na Mganda vivyo hivyo. Basi swali la kujiuliza ni hili: nchi ndogo ya Ghuba inayoishi kwa kusafirisha watu inatudai nini sisi tunaojaza ndege zake, nasi tunaidai nini?

Jibu la haraka la vijiweni ni kwamba Waarabu wanatubagua. Halitoshi, na historia ya masharti yenyewe inalipinga. Mnamo 5 Juni 2017 Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilivunja uhusiano na Qatar. Mpaka wake pekee wa nchi kavu, ule wa Saudia, ukafungwa. Ndege zake zikanyimwa anga za majirani, zikalazimika kuzunguka kupitia Iran. Miezi miwili baadaye, tarehe 9 Agosti, Qatar ikatangaza kwamba raia wa nchi 80 wataingia bila viza: 33 kwa hadi siku 90, na 47 kwa siku 30 zinazoweza kuongezwa. Aliyefungiwa na jirani alifungua mlango wa barabarani. Kuzingirwa huko kulikwisha Januari 2021 kwa makubaliano ya Al-Ula, lakini mlango ukabaki wazi.

Katika orodha ile ya nchi 80, bara zima la Afrika lilipata nafasi mbili, Shelisheli na Afrika Kusini. Lakini humo humo zilikuwamo India, Bolivia na Cuba, ambazo hakuna anayeziita nchi za matajiri. Kwa hiyo kigezo hakikuwa rangi peke yake wala fedha peke yake. Orodha ilitungwa kwa kupima biashara, siasa, na nani aliyekaa na Doha kujadiliana. Sisi Afrika Mashariki hatukuwamo, na nina shaka kama tulikuwa tumebisha hodi.

Anayekwenda sasa hupitia mfumo uitwao Hayya. Ulianza kama kadi ya mashabiki wa Kombe la Dunia, mashindano yakaisha, serikali ikaona haina sababu ya kuutupa, ukageuzwa dirisha la viza za wageni. Unafungua programu kwenye simu, unapiga picha ya pasipoti, unaonyesha utakapolala, iwe hoteli au kwa mwenyeji wako, unaambatanisha bima ya afya, ambayo Qatar imeifanya lazima kwa wageni tangu 1 Februari 2023 na huuzwa kwa riyali 50 kwa mwezi. Ada ya viza ya utalii ni riyali 100, kama dola 27 hivi. Si bei ya kumtoa mtu machozi. Kenya yenyewe ilipofuta viza mwaka 2024, ilianzisha kibali cha mtandaoni cha dola 30, na Tanzania hutoza wageni wengi dola 50. Tukilalamikia bei tutachekwa.

Kinachoniudhi mimi ni jambo jingine. Hayya ina madaraja. Daraja la A1 ni la mtalii wa kawaida. La A3 ni la mtu yeyote, wa taifa lolote, mwenye viza au ukazi wa Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand au nchi za Schengen. Maana yake mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye stika ya Schengen kwenye pasipoti yake anapewa njia yake, na mwenzake wa duka la pili, mwenye mtaji ule ule na familia ile ile, anapita njia nyingine, kwa sababu tu huyu wa kwanza alishawahi kuaminiwa na ubalozi wa Ulaya. Doha haijampima mtu yeyote hapo. Imeazima mizani ya mwingine. Na mizani hiyo, kama anavyojua yeyote aliyewahi kunyimwa viza ya Ulaya na ada yake isirudishwe, haikutengenezwa kwa ajili yetu.

Haya yote hayaamuliwi Doha peke yake, kinyume na wanavyodhani wengi. Mpaka wa kwanza wa Qatar uko kwenye kaunta za Jomo Kenyatta, Julius Nyerere na Entebbe. Chini ya kanuni za usafiri wa anga zinazotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944, shirika likimfikisha abiria asiye na nyaraka halali, ni jukumu lake kumwondoa na kumrudisha. Mashirika hayapendi hasara. Kwa hiyo dada wa kaunta anaichukua pasipoti, anaifungua chini ya taa, anaandika uraia na safari kwenye mfumo uitwao Timatic, ambao Shirikisho la Kimataifa la Usafiri wa Anga huutumia kukusanya masharti ya nchi zote, na kusoma kinachojitokeza. Kioo kikisema hapana, abiria amekwisha. Hakuna afisa uhamiaji wa kumwomba, hakuna dirisha la rufaa, na foleni nyuma yake inaanza kuguna. Anayeamua si Mqatari, ni mwajiriwa wa kampuni, naye anaogopa kosa lake litamgharimu. Ndiyo maana mwongozo ulioandikwa vibaya, au uliobadilishwa juzi bila kutangazwa kwa lugha anayoisoma abiria, si jambo dogo la ofisini. Mtu huachwa na ndege kwa ajili ya sentensi moja.

Niitetee Qatar kidogo. Ni nchi ya kilomita za mraba kama 11,500, yenye wakazi wapatao milioni 3, na raia wake wenyewe ni kama mmoja kati ya kila kumi. Hata Tanga au Meru, ikiwa tisa kati ya kumi ni wageni, isingekosa kuuliza nani anaingia na anatoka lini. Isitoshe, Qatar imelegeza mengi kwa wafanyakazi: kibali cha kutoka nchini kilifutwa kwa wengi mwaka 2018 na kwa wafanyakazi wa nyumbani mwaka 2020, sharti la kuomba ruhusa ya mwajiri ili kuhamia kazi nyingine likaondolewa mwaka 2020, na tangu Machi 2021 kuna kima cha chini cha mshahara, riyali 1,000 kwa mwezi, pamoja na posho ya chakula na malazi pale mwajiri asipovitoa. Utekelezaji una mashimo yake. Lakini sheria ipo, na mtu anaweza kuishika mkononi.

Hapo ndipo tofauti ya viza inapogeuka suala la uhai. Madalali wa ajira, wale wa ghorofa ya tatu bila kibao mlangoni, wamegundua kwamba viza ya kutembea hupatikana haraka kuliko ya kazi. Humwambia binti wa Kilifi au kijana wa Mbagala: nenda na hii kwanza, ukifika bosi ataibadilisha. Akifika hana mkataba wala kitambulisho cha ukazi, na ulinzi nilioutaja hapo juu haumfikii, maana sheria ya kazi inamlinda mfanyakazi, naye kwenye karatasi ni mtalii. Siku zake zikiisha, anakuwa mkosaji wa uhamiaji katika nchi ya watu. Yeyote aliyeandika mwongozo wa wageni wa Qatar bila kuliweka onyo hilo mwanzoni kabisa, kwa Kiswahili, anamwandikia mtalii wa London peke yake.

Na mizigo pia. Dawa za maumivu zenye kodini au tramadol, ambazo wengi wetu tunazijua kama dawa za kawaida, huko zinadhibitiwa vikali na zinataka barua ya daktari. Sigara za umeme haziruhusiwi, wala nyama ya nguruwe, wala pombe mfukoni. Miraa ndiyo usithubutu. Kinachouzwa wazi Maua na Eastleigh, kule ni dawa ya kulevya na adhabu yake ni ya dawa za kulevya.

Walakini wengi wetu hatuendi Qatar. Tunapita tu. Uwanja wa ndege wa Hamad, uliofunguliwa mwaka 2014, ulipitisha zaidi ya abiria milioni 52 mwaka 2024, na sehemu kubwa yao hawakukanyaga mchanga wa Doha. Ni mwanafunzi wa udaktari anayekwenda Uturuki, mama wa Kinshasa anayekwenda kufunga mzigo Guangzhou, wote wamekaa usiku wa manane chini ya yule dubu mkubwa wa manjano wa Urs Fischer, mwenye taa kichwani, wakitafuta soketi ya kuchajia simu. Mwaka 2016 Qatar ilitangaza kwamba abiria wa kuunganisha ndege anaweza kupewa viza ya bure ya hadi saa 96, kwa idhini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Ni ofa nzuri. Neno la kuangalia hapo ni idhini.

Uzito wa neno hilo ulionekana tarehe 23 Juni 2025. Jioni hiyo Qatar ilifunga anga yake, na Iran ikarusha makombora kwenye kambi ya Al Udeid, wanakokaa wanajeshi wa Marekani. Anga ilifunguliwa baada ya saa chache tu, lakini zaidi ya ndege 90 za Qatar Airways zilikuwa zimeelekezwa viwanja vingine na zaidi ya abiria 20,000 wakaathirika. Katika hali kama hiyo pasipoti inaamua hata usingizi. Mwenye ruhusa ya kuingia bila viza anaweza kukata shauri, akatoka nje, akapanda teksi, akatafuta chumba. Asiyekuwa nayo anangoja shirika na uhamiaji wakubaliane juu yake. Hali ya usalama ya Ghuba ilivyo, mwongozo wa safari unaomweleza abiria wa nchi zetu haki zake za hoteli, chakula na kutoka uwanjani siku anga inapofungwa una thamani kuliko kurasa kumi za picha za ngamia.

Sasa, tufanye nini? Pendekezo langu ni kwamba haki za kutua na haki za kuingia zijadiliwe mezani pamoja. Qatar Airways inatua Nairobi, Dar es Salaam, Zanzibar, Kilimanjaro, Entebbe na Kigali. Kila moja ya safari hizo inasimama juu ya makubaliano ya serikali kwa serikali kuhusu nani aruke mara ngapi kwenda wapi. Wizara zetu za uchukuzi hujadili idadi ya safari kwa wiki. Wizara za mambo ya ndani hazimo chumbani. Ulaya haikufanya hivyo. Umoja wa Ulaya ulisaini mkataba wa anga na Qatar Oktoba 2021, na Aprili 2022 Kamisheni yake ikapendekeza Waqatari waingie Ulaya bila viza. Ni kweli mambo yaliharibika: kashfa ya rushwa iliyohusishwa na Qatar ilipolipuka Brussels Desemba 2022, Bunge la Ulaya likasimamisha kazi ya viza hizo. Lakini ona jinsi Ulaya ilivyokuwa na kitu cha kutoa na kitu cha kuzuia.

Najua hoja ya upande wa pili. Hoteli za Diani na Nungwi zinataka viti vya ndege, na ukianza kufinya haki za kutua kwa ajili ya viza, mgeni wa Frankfurt atakwenda Maldives. Ni hoja nzito na siipuuzi. Ndiyo maana sisemi tupunguze safari. Nasema zinapoombwa safari za kuongeza, kwa kuwa huombwa, hapo ndipo pa kuomba vitu vidogo vinavyowezekana: saa 96 za kupita zisizosubiri idhini kwa raia wetu, daraja la Hayya linalompima mfanyabiashara kwa safari zake na kodi yake badala ya viza ya Schengen, na mwongozo rasmi wa Kiswahili wenye onyo la viza za kazi, ubandikwe kwenye kaunta zile zile tunazokataliwa.

Muda wenyewe ni mfupi. Mawaziri wa mambo ya ndani wa nchi sita za Ghuba waliidhinisha viza ya pamoja ya utalii walipokutana Muscat Novemba 2023, ingawa tarehe ya kuanza imekuwa ikisogezwa. Itakapoanza, kila orodha ya mataifa itakuwa ya nchi sita kwa mpigo, na kuibadilisha baadaye kutahitaji kuwashawishi sita badala ya mmoja. Sisi kwa upande wetu tunayo viza ya pamoja ya Kenya, Uganda na Rwanda tangu 2014, ya dola 100, na Tanzania haijajiunga nayo hadi leo. Mazungumzo na Ghuba yangeanzia Arusha, kwenye makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa Tanzania kueleza inachohofia na wenzake kukijibu, ili anayekwenda Doha au Muscat aende na jina la jumuiya nzima.