Mambo ya riwaya ile yalitokea kweli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wanaodai kwamba riwaya ya Margaret Atwood, The Handmaid's Tale, ya mwaka 1985, ni vitisho vya kubuni tu. Humo serikali huwalazimisha wanawake kuzaa. Wanawake wa Marekani wamekuwa wakivaa majoho mekundu ya kitabu hicho kupinga sheria za kuzuia utoaji mimba, nao huchekwa.

Wanaocheka wauulize Romania. Mwaka 1966 Ceauşescu alitoa Amri namba 770, akapiga marufuku kutoa mimba isipokuwa kwa sababu chache. Mwaka uliofuata vizazi viliongezeka karibu mara mbili. Halafu wanawake wakaanza kwenda kwa siri, wakafa kwa maelfu. Ikafikia hata kupimwa mimba makazini! Amri ilifutwa Desemba 1989, na vifo vya wazazi vikapungua upesi.

Mimi ni mkunga mstaafu, wala sishabikii kutoa mimba. Lakini nimewapokea wasichana usiku wa manane wanavuja damu, na hata kusema walikotoka wanaogopa. Wanaotaka sheria kali zaidi wanieleze, hao tuwapeleke wapi?

Mkunga Mstaafu,
Tanga.