Kabla ya kumpa jirani kitabu cha afya, tazama mwaka

Kwa muda sasa, msomaji, nimekuwa na mazoea ya kuwauliza wagonjwa wangu swali ambalo halimo katika fomu yoyote ya hospitali. Nikishauliza maumivu yalianza lini, na ni dawa gani mtu amekwisha kumeza kabla ya kunijia, huuliza: "Na siku hizi unasoma kitabu gani?" Wengine hucheka. Wengine hudhani napitisha wakati tu nikingoja majibu ya maabara. Lakini wengi hujibu, na majibu yao yamenieleza mambo kuhusu afya ya Kibera na Kawangware ambayo kipimo cha damu hakiwezi kuonyesha.

Jambo la kwanza ni kwamba watu wa mitaa hii husoma. Nalitaja kwa sababu wapo watu wenye elimu nzuri, baadhi yao madaktari wenzangu, wanaoamini kuwa mtu anayeishi katika chumba kimoja cha mabati hana nafasi wala hamu ya kitabu, na kwamba ukitaka kumfunza jambo la afya sharti umchoree bango. Hao hawajapita Kawangware 46 jioni, au kando ya soko la Toi, wakawatazama wauzaji wa vitabu vya mitumba waliotandaza magunia chini. Vitabu hivyo huitwa vya inama, maana huna budi kuinama ndipo uvione. Pale pana vitabu teule vya shule vyenye majina ya wanafunzi watatu, kila jina limekatwa kwa kalamu na jingine kuandikwa chini yake. Pana Biblia, kamusi zisizo na jalada, riwaya za mapenzi kutoka ng'ambo, na vile vya kutafuta utajiri na ukubwa. Rich Dad Poor Dad cha Robert Kiyosaki na The 48 Laws of Power cha Robert Greene nimesimuliwa mara nyingi kiasi kwamba naweza kuvifanyia mtihani. (Sina ugomvi navyo, ingawa kijana mmoja aliyekosa usingizi kwa kujaribu kufuata sheria zote 48 kwa wakati mmoja nilimshauri apunguze.)

Kitabu kipya ni ghali, na hali haikupata nafuu pale Sheria ya VAT ya mwaka wa 2013 ilipoanza kuvitoza vitabu kodi ya asilimia 16. Maktaba zipo. Ile ya McMillan iliyo katikati ya jiji ilifunguliwa tangu 1931, na Maktaba ya Taifa iko Upper Hill, lakini anayehesabu shilingi za unga hufikiri mara mbili kabla ya kulipa nauli ya kwenda kusoma. Kwa hiyo kitabu hupita mkono hadi mkono. Anayekupa hukuambia, "Soma hiki, kitakusaidia," na kwa kuwa ni jirani yako, au mwenzako wa chama, au mtu mnayesali naye, neno lake huwa na uzito kuliko langu. Mimi mgonjwa hunisikiliza dakika kumi. Kitabu hulala naye nyumbani.

Sasa niseme vile ambavyo ninafurahi kuvisikia vikipendekezwa.

Cha kwanza ni The River and the Source cha Margaret Ogola. Kilitoka 1994, kikasomwa shuleni na vijana wengi, na hadi leo wapo kina mama wanaonieleza habari za Akoko kana kwamba ni nyanya yao. Wasichojua wengi ni kwamba Ogola alikuwa daktari wa watoto, tena aliyewahudumia hapa Nairobi mayatima walioambukizwa virusi vya UKIMWI. Katika riwaya hiyo mmoja wa vitukuu, Becky, anakufa kwa UKIMWI, na mwandishi hamgeuzi kuwa mfano wa kutishia watu. Anabaki kuwa binti wa mtu na dada wa mtu. Kumbuka ilikuwa miaka ile ya tisini ambapo magonjwa haya yalinong'onezwa na wafu kusingiziwa malaria. Baadaye Ogola aliandika Place of Destiny, kuhusu mwanamke anayekufa kwa saratani, na mwenyewe akafariki 2011 kwa maradhi hayo. Mgonjwa anayeuguza saratani nyumbani akiniuliza asome nini, humtajia hicho cha pili, lakini nikishamwonya kwamba atalia.

Cha pili ni tamthilia ya Timothy Arege, Bembea ya Maisha, mojawapo ya vitabu teule vya KCSE katika miaka hii. Wazazi hukichukua mtoto akishamaliza kazi ya shule. Humo mna mama mgonjwa, binti anayehangaikia matibabu yake mjini, na baba aliyezama katika ulevi. Nani katika Kibera asiyewajua watu hao? Mara mbili nimepata mgonjwa aliyeanza kuzungumzia pombe ya nyumbani kwake kwa kuanzia na Yona wa kitabuni. Ni rahisi zaidi kumsema Yona kuliko kumsema mumeo mbele ya daktari, na mimi hupokea mazungumzo kwa mlango wowote yanaoingilia.

Gifted Hands cha Ben Carson, yule mpasuaji wa ubongo wa Marekani, bado kinazunguka sana miongoni mwa vijana. Kimewafanya wengi watake kuwa madaktari, nasi tunawahitaji.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Uko katika vile vitabu vinavyopewa watu kwa nia njema kuliko vyote: vitabu vya afya.

Vingi vya vitabu hivi vilivyo magunini vilikuja kutoka Ulaya na Marekani, vikiwa vimekwisha kutupwa huko. Chukua mathalani kitabu cha malezi cha Benjamin Spock, kilichotoka mara ya kwanza 1946 na kuuzwa nakala zaidi ya milioni 50 duniani. Toleo la 1958 liliwashauri wazazi wawalaze watoto wachanga kwa tumbo, kwa hofu kwamba mtoto aliyelala chali akitapika atapaliwa. Lilikuwa wazo lililosikika kuwa na akili, na wauguzi wa nchi nyingi walilifuata. Lakini ushahidi ulizidi kujikusanya kwamba watoto wanaolala kwa tumbo ndio waliokuwa wakifa ghafla usingizini. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza chali mwaka wa 1991, Marekani 1994, na vifo vikapungua sana. Mnamo 2005 watafiti walikadiria kwamba lau ushauri ungebadilishwa mapema, watoto wapatao 10,000 wa Uingereza peke yake huenda wasingalikufa. Kitabu chenyewe kilirekebishwa katika matoleo ya baadaye. Ila nakala ya zamani haijui kwamba imerekebishwa. Inakaa pale kwenye gunia, jalada lake zuri, mtoto mnono akitabasamu, na shangazi mwenye mapenzi mema anainunua ampelekee mzazi wa Gatwekera aliyejifungua juzi.

Mtoto mchanga alazwe chali, msomaji. Hata kama kitabu kinasema vingine.

Hapa kwetu mabadiliko yamekuwa makubwa vilevile. Kitabu cha kabla ya 1998 kitakuambia utibu malaria kwa klorokwini. Mwaka huo Kenya iliiacha, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea, ikachukua dawa za jamii ya Fansidar. Hizo nazo zikashindwa, na mwaka wa 2004 ikaamuliwa tutumie dawa ya mseto yenye atemisini, ambayo wengi huijua kwa jina la Coartem, ikaanza kuenea hospitalini 2006. Nairobi haina malaria nyingi, lakini watu wetu huenda nyumbani Nyanza na Magharibi wakati wa mazishi na sikukuu, na hurudi nayo. Anayemtibu mtoto kwa kufuata ukurasa wa mwaka wa 1985 anapoteza siku mbili, na mtoto mwenye malaria kali mara nyingi hana siku mbili za kupoteza.

Vijitabu vya UKIMWI vya miaka ya tisini ndivyo vinavyonisumbua zaidi, kwa maana viliandikwa kwa uaminifu na vilikuwa sahihi siku zile. Vinasema hakuna dawa. Vinasema mama mwenye virusi asinyonyeshe. Leo dawa za ARV zipo, na serikali iliondoa ada yake katika hospitali za umma mwaka wa 2006. Mtu anayezimeza vizuri, hata virusi vikashuka hadi kipimo kisivione, hamwambukizi mwenziwe kitandani. Na tangu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2010, mama anayetumia ARV katika nchi kama yetu hushauriwa amnyonyeshe mtoto maziwa yake pekee kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee huku akimpa vyakula vingine na wote wawili wakifuatiliwa kliniki. Fikiria mama wa Kawangware aliyefichiwa kijitabu cha zamani ndani ya leso na rafiki anayemwonea huruma. Anaacha kunyonyesha, anakoroga maziwa ya unga kwa maji ya mtungi, na mtoto aliyekuwa akikingwa na dawa anaharisha hadi kukauka. Rafiki huyo hakukusudia ubaya wowote.

Je, nawaambia mchome vitabu? La. Kuna kimoja ninachokipenda, na ndicho kinachotajwa kuliko vyote na watu wazima: Mahali Pasipo na Daktari. Ni tafsiri ya kitabu cha David Werner, aliyefanya kazi katika vijiji vya milima ya Meksiko na kukiandika kwanza kwa Kihispania. Cha Kiingereza kilitoka 1977, na kimetafsiriwa katika lugha nyingi sana. Uzuri wake ni kwamba kinamheshimu msomaji. Kinamweleza sababu, kinachora picha, na kinamwambia waziwazi ni wakati gani asijaribu kutibu bali akimbilie msaada. Hizo kurasa za dalili za hatari ningependa zisomwe katika kila nyumba. Lakini kiliandikwa kwa ajili ya kijiji kilicho mbali na hospitali. Kibera iko jirani na Mbagathi, na Kenyatta haiko mbali. Kisome ili ujue upesi kwamba hali ni mbaya, halafu uje. Na hata hicho kina matoleo mengi, kwa hiyo ukiokota la zamani, kurasa za majani ya mwisho zenye vipimo vya dawa uziache.

Mwaka wa kitabu hutafutwa hivi. Fungua ukurasa wa jina, kisha geuza. Nyuma yake, kwa maandishi madogo, pana mwaka wa kuchapishwa na mara nyingi miaka ya matoleo yaliyofuata. Ule unaotakiwa ni wa toleo, si wa kupigwa chapa tena tu, kwa maana kitabu cha 1980 kinaweza kupigwa chapa jana bila neno kubadilika. Kikiwa na umri wa zaidi ya miaka kumi, soma habari za mwili, uache habari za dawa. Ini bado liko palepale lilipokuwa. Ukurasa huo ukiwa umechanwa, kihesabu kuwa kizee.

Na kikikuambia kwamba mmea mmoja unatibu kisukari, presha, saratani na utasa, huna haja ya kutafuta mwaka. Nimepokea watu waliobebwa kwa mkokoteni, wamezimia, baada ya kuacha insulini kwa sababu ya vitabu vya namna hiyo.

Lipo kundi jingine ambalo sikulitarajia nilipoanza kuuliza swali langu. Ni wale wanaojibu, "Daktari, mimi niliacha kusoma." Karibu wote wamepita miaka 40. Mshonaji mmoja wa Makina aliniambia akili yake imechoka. Akishika kitabu, herufi zinacheza. Nilimuuliza kama bado anaweza kutunga uzi kwenye sindano. Akasema kazi hiyo humpa mtoto.

Akili yake haikuwa na neno. Lenzi ya jicho huwa ngumu kadiri tunavyoendelea kula chumvi, ikashindwa kujikunja ili kuona vitu vya karibu, na hali hiyo humpata kila mtu, awe profesa au mchuuzi wa mboga. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2019 ilikadiria kuwa watu milioni 826 wana tatizo hili bila kulitatua, ilhali tiba yake ni miwani ya kusomea tu. Kwanza lakini pimwa macho ipasavyo, maana presha ya macho huiba uwezo wa kuona kimyakimya, na kisukari vilevile. Miwani ya barabarani itakusomesha huku ugonjwa ukiendelea na kazi yake. Kusoma kwenye mwanga hafifu hakuharibu macho kama tulivyoambiwa utotoni, hukuchosha tu. Kibaya ni ile koroboi, kwa moshi wake na kwa moto unaoweza kushika pazia.

Mshonaji yule alipata miwani. Sasa anasoma Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, nakala ya bintiye wa sekondari, usiku msichana akishalala. Malalamiko ninayopokea siku hizi ni ya msichana: mama hukunja pembe za kurasa.