Eafoni za blututhi: nani mwingine anasikia?

Kwenye bodaboda za Katesh, Haydom na Dongobesh, eafoni zisizo na waya si jambo geni tena. Wengi huziona kama spika ndogo tu, lakini zina maikrofoni, na huwasiliana na simu kwa mawimbi ya redio.

Juni 2025, watafiti wa kampuni ya ERNW ya Ujerumani walitangaza kasoro katika chipu za Airoha ya Taiwan, zilizomo katika baadhi ya eafoni za Sony, JBL, Bose na Marshall. Mtu aliye umbali wa mita 10 hivi angeweza kujiunganisha bila ruhusa, na katika baadhi ya vifaa kusikia sauti ya maikrofoni.

Je, tuogope? Udukuzi huo unahitaji ujuzi mkubwa. Watafiti walisema wanaolengwa zaidi ni watu kama waandishi wa habari na wanadiplomasia.

Kwa msikilizaji wa Mbulu na Hanang, shida ni marekebisho. Airoha iliwapa watengenezaji dawa ya kasoro hiyo, nao huifikisha kwa mtumiaji kupitia programu ya simu. Eafoni nyingi za bei nafuu hazina programu hiyo. Zikiwa na kasoro, hubaki nayo.

Hivyo, zima blututhi usipoitumia. Kataa ombi la kuunganishwa usilolijua. Ukinunua eafoni, uliza kama zina programu ya kuzisasisha. Na namba yako ya siri ya pesa usiitamke kamwe, uwe na eafoni au huna.