Safari ya Vijana Isingoje Siku za Mwisho

Katika mwezi wa Julai 2022, Afrika Mashariki ilipata habari mbili ambazo yafaa zikumbukwe pamoja. Kule Wimbledon, Uingereza, Angella Okutoyi, binti wa Kenya aliyelelewa na bibi yake, alishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi wakatwaa ubingwa wa tenisi wa wasichana wawili wawili. Mwezi huo huo, Ferdinand Omanyala, mkimbiaji wa mbio fupi mwenye rekodi ya Afrika, alifika Eugene, Marekani, saa chache tu kabla ya mbio zake za kwanza, kwa kuwa viza yake ilichelewa.

Habari ya kwanza yatuonyesha kijana wetu aweza kufika wapi. Ya pili yatuonya. Ikiwa bingwa mwenye jina kubwa alipatwa na hayo, je, mtoto wa miaka 15 asiyejulikana na mtu itakuwaje?

Mashindano ya kimataifa ya tenisi ya vijana ni ya wenye miaka 13 hadi 18. Wachezaji hukubaliwa kwa kufuata nafasi zao katika orodha ya ubora, na majina hujulikana wiki chache tu kabla ya mchezo. Lakini balozi haziendi kwa kalenda ya tenisi. Anayekwenda Ufaransa, kwa mfano, aweza kuomba viza tangu miezi 6 kabla ya safari. Jibu kwa kawaida huchukua siku 15, na penye mashaka laweza kufika siku 45. Anayengoja kuliona jina lake ndipo aanze kutafuta makaratasi amekwisha kuchelewa. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kwa hiyo twasema wazi: kazi ya kupanga safari ianze siku kalenda ya mashindano inapotolewa. Viongozi wa mchezo wawateue mapema vijana wanaotazamiwa kwenda. Pasi zao zikaguliwe zisije zikakaribia kwisha muda. Barua za ridhaa za wazazi, barua za shule na za mwaliko ziwekwe tayari. Mtu mzima wa kufuatana na watoto ajulikane, na penye wasichana awepo mama wa kuwaangalia. Kadhalika wafike siku kadhaa kabla, wapate kuzoea baridi na uwanja. Maana aliyezoea uwanja wa saruji hawezi kuujua uwanja wa majani kwa asubuhi moja.

Lipo pia jambo la fedha, na hili lawahusu wafanyakazi hasa. Ada ya viza ya Ufaransa kwa kawaida ni Euro 90 kwa mwenye miaka 12 na zaidi, wala hairudishwi mwombaji akikataliwa. Hapo bado tiketi ya ndege, malazi na chakula. Mfanyakazi wa bandarini au kiwandani hawezi kuyatoa hayo yote kwa taarifa ya juma moja. Mwenye mali aweza. Matokeo yake ni kwamba atakwenda mtoto wa mwenye mali, hata kama wa mfanyakazi ndiye mchezaji bora. Kisha tutasikia watu wakisema kuwa tenisi ni mchezo wa matajiri! La hasha. Utajiri haumo katika raketi. Tunauweka sisi wenyewe kwa kumwachia kila mzazi mzigo wake.

Kamati inayomteua kijana kwa jina la taifa haina budi kumwambia mzazi, miezi kadhaa kabla, safari itagharimu kiasi gani na nani atalipa nini. Waajiri nao, na vyama vya wafanyakazi, waombwe mapema, si usiku wa kuamkia safari.

Kijana akishindwa uwanjani atarudi na mafunzo. Akishindwa kwa sababu sisi wakubwa tulichelewa kupeleka karatasi, tutamwambia nini?