Kiingereza cha shefu gani?

Wandugu ba mu migodi, na bamama munaobaki ku nyumba kungoja mutu arudi ku posti ya usiku, sisi ba sindika tuko na neno moja.

Leo toka Likasi mpaka Kolwezi, mu radio ya kazi munasikika Kiingereza. Kitu kikiharibika, bakubwa banasema: mufanyakazi hakusikia Kiingereza. Sisi tunauliza: Kiingereza gani?

Mutu wa London anaita maji "woota". Mumarekani anasema "wara", ile t yake inakuwa karibu r yetu. Muzambia anasema "wota", na huyo tunamusikia bila shida, juu Kibemba kiko na vokali tano sawa Swahili. Mu Australia "day", siku, inaingia ku masikio sawa "die", ni kusema kufa. Anakuambia kazi ni leo, weye unashtuka.

Hayo ni ya kucheka. Ile ya "can" na "can't" haichekeshi. Ya kwanza ni kusema unaweza, ya pili hauwezi. Mwingereza wa kusini, mutu wa Australia, hata wa Afrika Kusini, banavuta sauti: "kaant". Hata mutoto anatofautisha. Mumarekani anasema "kent", tena ile t anaimeza mu koo. Inabaki "ken", sawa vile amekubali.

Mu kampuni moja, jina tunaliacha, kijana wetu wa kamio alitumika miaka mbili na shefu wa Afrika Kusini. Usiku moja ku radio kulikuwa shefu mupya, Mumarekani. Kijana akauliza kama anaweza kurudi nyuma. Akasikia "ken". Akarudi. Kamio ilisimama mita mbili tu na pikapu yenye batu wawili ndani. Hakuna aliyekufa, Mungu asifiwe. Kesho yake barua: hajui Kiingereza, siku nane bila mushahara. Shefu aliyemeza t yake hakuandikiwa hata musitari moja.

Ba ndege balishajifunza hii zamani, kwa damu. Mwaka 1977 ku Tenerife ndege mbili kubwa ziligongana chini, ku njia ya kurukia. Batu 583 balikufa. Rubani wa ndege moja alikuwa Muholanzi, ba mu munara Bahispania, na bote balikuwa banasemezana Kiingereza ku radio. Mutu wa ndege hasemi "fifteen", juu mutu anaweza kusikia "fifty". Anasema namba moja moja: "one five". Tisa anaiita "niner" isichanganyike na tano. Na agizo la kuruka, sherti alirudilie kwa mudomo wake. Hao ni batu ba masomo marefu, lakini bamekubali kwamba sikio linakosea. Juu ya nini kamio ya tani 100 isipate sheria hiyo?

Bengine kati yetu banasema: jifunzeni tu, Kiingereza ndio feza. Sawa, tujifunze. Wazee wetu balianza kukisikia tangu reli ya Rhodesia ilifika Élisabethville mu 1910, haikuanza leo. Lakini ule anayejifunza kwa mwalimu Muzambia, siku ya kwanza na Mumarekani atapotea tu, hata kama ana diploma.

Tunachoomba ni kidogo. Simama, songa, rudi nyuma, baruti: hayo yasemwe Swahili ao Kifaransa. Katiba ya 2006, artikle ya kwanza, inasema Kifaransa ni luga ya serkali na Swahili ni moja ya luga nne za taifa. Namba zisemwe moja moja. Dereva arudilie agizo mbele ya kusogeza gurudumu, na akiwa hajasikia, abaki pale, bila barua.

Tuliandika hayo yote na kuyapeleka ku direksyo. Tunaomba jibu mbele ya mvua ianze, juu mu mvua radio inakwaruza, hata Swahili yenyewe inasikika kwa shida.