Bolti ya Inchi Nusu

Wadau, mnisamehe kwa kimya cha wiki mbili. Nilikwenda nyumbani Rombo, na huko nikaaibishwa na nati.

Nati yenyewe ni ya mzee jirani yetu, aliyestaafu kutoka karakana ya reli Nairobi. Ni ya inchi nusu, ya enzi za mvuke, na alitaka bolti yake. Mimi na digrii yangu ya kompyuta nikajitia mjuaji, nikamnunulia bolti ya inchi nusu kwenye hadiwea hapa Kitengela. Ikaingia mizunguko miwili hivi, ikakwama. Mzee akacheka sana. "Kijana wangu, hiyo ni inchi nusu ya Kimarekani. Hii yangu ni Whitworth."

Kumbe Joseph Whitworth wa Manchester aliweka vipimo vyake mwaka 1841: bolti ya inchi nusu ina nyuzi 12 kwa kila inchi, zilizokatwa kwa pembe ya digrii 55. Ya Kimarekani ina nyuzi 13, digrii 60. Uzi mmoja tu! Sisi wa programu tunaujua ugonjwa huu: faili mbili zenye jina moja, matoleo tofauti.

Sasa mfikirie Mount Gelai, namba 5918, katika Makumbusho ya Reli Nairobi. Ni kichwa cha treni cha tani 252 hivi, kimoja kati ya 34 vilivyoundwa na Beyer, Peacock huko Manchester mwaka 1955 na 1956. Kampuni hiyo ilifungwa 1966, kwa hiyo spea hazinunuliwi. Lazima zichongwe upya.

Wenzangu husema: piga skani kipande cha zamani, mashine itoe kingine. Mimi napinga. Skani hunakili hata kulika kwake. Bushi iliyolika milimita mbili itazaliwa imelika milimita mbili! Kinachotakiwa ni mchoro wa asili. Waingereza walipounda Tornado, injini mpya kabisa ya mvuke iliyokamilika 2008, walitumia michoro ya zamani iliyokuwa Makumbusho ya Reli ya York, wakaiingiza kwenye kompyuta.

Basi yetu nayo iingizwe, iwe wazi kwa kila mtu kama programu huria. Nati, mikono na mabomba madogo, fundi wa jua kali mwenye mashine ya kukereza anaweza kabisa akipewa kipimo sahihi. Boila hapana; hiyo waachiwe wenye vyeti na vifaa vya kupimia presha, maana ikipasuka inaua.

Lakini mchoro hauandiki kila kitu. Fundi aliacha nafasi kiasi gani ili chuma kipanuke kikipata moto? Hilo liko kichwani mwa wazee, na wazee wanatutoka.

Jumamosi narudi Rombo na kalipa, daftari na kinasa sauti. Mzee amekubali, ila ameniambia ile bolti ya hadiwea niiache Kitengela.